Jibu la Maneno 50 na Namna ya Kulipima

Stanford humuuliza mwombaji ni tukio gani la historia ambalo angependa kulishuhudia kwa macho yake, kisha humpa maneno 50 ya kujibu. Princeton nayo, kwa maneno 50 hayo hayo, hutaka kujua ni wimbo gani unaosindikiza maisha yako kwa sasa. Yale huuliza ni nini kinachokupa hamasa, na kisanduku chake hufunga mlango kwenye herufi 200, nafasi na nukta zikiwa ndani ya hesabu. University of Southern California ndiyo bahili kuliko wote: herufi 100 za kutaja kitafunwa unachokipenda, na maneno matatu tu ya kueleza wewe ni mtu gani. Maswali hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini ukoo wake ni uleule. Wenyewe huyaita maswali ya nyongeza, kana kwamba ni kachumbari pembeni ya sahani.

Mimi hukaa na vijana wa Kenya waliomaliza mtihani wa KCSE wanaoomba vyuo vya Marekani, na nikikabidhiwa faili la mtu nilisome, naanzia kwenye hiyo kachumbari. Insha kuu, ile ya maneno yasiyozidi 650 inayokwenda kwa vyuo vingi kwa mpigo kupitia Common Application, imeshapita mikono mingi. Mwalimu wa Kiingereza ameisoma, binamu aliyeko Texas ameipunguza, na kwenye familia zenye uwezo kuna mshauri wa kulipwa aliyeipiga pasi hadi haina kunyanzi. Majibu mafupi hayana bahati hiyo. Mara nyingi huandikwa usiku wa tarehe 31 Desemba, mwombaji akikimbizana na siku ya mwisho, na hakuna mtu mzima aliyekesha naye kumhariri. Humo ndimo sauti yake inapobaki, kama anayo.

Kwenye maneno 50 huwezi kupima ufasaha, nafasi haitoshi. Unachoweza kupima ni uchaguzi. Kati ya mambo yote ambayo kijana huyu angeweza kusema, amechagua lipi, na ameacha yapi? Huo ndio ufundi wenyewe, na hapo ndipo jibu zuri na jibu baya hutengana hata kabla ya sarufi kuingia.

Hasara yetu ya kwanza tunatoka nayo shuleni. Mwanafunzi wa Kenya amefunzwa kwamba insha hupata alama kwa mapambo. Anafungua kwa methali. Jua linachomoza, ndege wanaimba, majogoo wamewika, na mhusika bado hajaamka kitandani. Mtahini huyapa mapambo hayo alama, na sina ugomvi naye: anapima utajiri wa lugha, na amempa mtoto kurasa za kutosha. Lakini ipeleke tabia hiyo kwenye kisanduku cha Yale uone. “Mtaka cha mvunguni sharti ainame” imekula herufi 32. “Tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa nikivutiwa sana na” imekula nyingine 52. Kilichobaki kinatosha kutaja hisabati na kuisifu, na jibu linakwisha likiwa bado linapiga hodi.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni cha kidole. Naweka kidole mwanzo wa jibu na kukisogeza hadi nifike kwenye neno la kwanza ambalo mwombaji mwingine asingeliandika. Kwenye jibu zuri kidole kinasogea maneno manne, matano. Kwenye jibu baya kinafika mwisho wa mstari bila kupata pa kusimama.

Nichukue mfano mmoja niufungue wote. (Mifano yote humu nimeitunga mwenyewe, na nimeiandika kwa Kiswahili ingawa fomu zenyewe hujazwa kwa Kiingereza.) Stanford huomba ueleze kwa maneno 50 shughuli moja unayoifanya nje ya masomo, au kazi, au jukumu la nyumbani. Kijana wa Githurai analeta hili:

“Kufanya kazi katika biashara ya shangazi yangu kumenifunza uvumilivu, uwajibikaji na umuhimu wa kuwahudumia wateja kwa unyenyekevu. Nimekuza ujuzi wangu wa mawasiliano na uongozi, na najua kwamba maarifa haya yatanisaidia chuoni na katika maisha yangu yote ya baadaye.”

Hakuna kosa la sarufi. Hakuna pia mtu. Ukiona maneno ya u-, u-, u- yamepanga foleni namna hiyo, ujue mwandishi anakusomea ripoti ya mwisho wa muhula aliyojiandikia mwenyewe. Namuuliza ni biashara gani.

“Ni M-Pesa tu, mwalimu. Mimi hukaa kwa kibanda Jumamosi.”

“Ugumu wake uko wapi?”

“Si ngumu. Ni floti tu ndiyo husumbua. Mwisho wa mwezi kila mtu anatoa, pesa taslimu zinaisha. Jumatatu watu wa soko wanaweka mauzo yao, floti nayo inaisha. Ukikosa moja, mteja anaenda kwa jirani.”

“Sasa wewe unafanyaje?”

“Huwa naandika kwa daftari, kila siku iliingia ngapi ikatoka ngapi. Lakini hiyo si kitu ya kuandikia Stanford, mwalimu.”

Sentensi hiyo ya mwisho nimeizoea. Jambo ambalo kijana anasema si kitu, mara nyingi ndilo lenyewe. Rasimu iliyofuata ilisomeka hivi:

“Jumamosi nakaa kwenye kibanda cha M-Pesa cha shangazi. Mwisho wa mwezi wateja wanatoa, taslimu inaisha. Jumatatu wanaweka, floti inaisha. Nimejaza madaftari mawili nikitafuta mpangilio. Sasa tunakwenda benki Alhamisi, kabla ya watu. Siku za mvua bado zinanishinda.”

La kwanza lina maneno 38, la pili 36. Urefu ni karibu uleule, lakini uwajibikaji sasa uko ndani bila kutajwa, na juu yake kumeongezeka kitu ambacho yeye mwenyewe hakukipanga: tunamwona kijana anayefikiri kwa takwimu bila mtu kumwambia kwamba hizo ni takwimu. Sikumruhusu aeleze M-Pesa ni nini. Angetumia maneno 15 kumfundisha msomaji kitu ambacho vitenzi “wanatoa” na “wanaweka” vimeshamwonyesha.

Na itazame sentensi ya mwisho. Siku za mvua bado zinanishinda. Mwanafunzi aliyezoea mashindano ataifuta, akiona inamwonyesha kashindwa. Mimi ningeifuta ya mwisho kabisa. Jibu linaloishia na ushindi humpa msomaji nafasi ya kugonga muhuri na kufungua faili linalofuata. Jibu linaloacha tatizo halijafungwa humfanya atake kuuliza: kwa nini mvua? Kwa sababu watu hawatoki nyumbani, au kwa sababu mtandao unasumbua? Ofisa wa udahili anayejiuliza swali kuhusu faili lako ameshaanza kuongea nawe. Kwa maneno 50 sijui zawadi nyingine kubwa kuliko hiyo.

Hapa nigusie mambo ya ndani ya ofisi hizo, kwa sababu yanabadilisha kabisa namna ya kupima. Vyuo vikubwa vya Marekani kwa kawaida huwagawa waombaji kwa maeneo. Ofisa mmoja hupewa majimbo fulani ya Marekani na, juu yake, sehemu fulani ya dunia. Maana yake ni kwamba anayekusoma hakulinganishi na mtoto wa Boston peke yake. Jana aliwasoma Wakenya, leo anawasoma Watanzania na Waganda, na atawasoma tena msimu ujao. Yale imekuwa ikipokea maombi zaidi ya 50,000 kwa mwaka miaka ya karibuni. Yule anayepitia kanda yetu ameshakutana na koroboi. Amekutana nayo sana. Amekutana na kilomita kumi za kwenda shule bila viatu, na mama anayeuza mboga, na karo iliyokosekana, na mlezi aliyejitokeza dakika ya mwisho.

Sisemi hivyo kuwadharau waliosomea koroboi. Wengi wa vijana ninaoketi nao wamesoma hivyo kweli, na hakuna sheria inayosema maskini afiche umaskini wake ili kumpa msomaji burudani mpya. Umaskini si kosa la uandishi. Kosa ni umaskini wa jumla, ule ambao ungeweza kuchukuliwa kwenye kalenda ya shirika la misaada. Jaribu kuyaweka majibu mawili pamoja. La kwanza: “Nilisoma kwa mwanga wa koroboi, jambo lililonifunza kwamba hakuna lisilowezekana.” La pili: “Koroboi ilikuwa moja, sisi wanne. Kaka alikuwa mtahiniwa, akakaa upande wa mwanga na kitabu. Mimi nilikaa ng’ambo ya meza. Hadi leo nasoma maandishi yaliyopinduliwa bila taabu.” Koroboi ni ileile na giza ni lilelile. Lakini jibu la pili lina meza, lina mpangilio wa watu kuizunguka, lina haki ya mtahiniwa ambayo kila nyumba ya huku inaijua, na lina kipaji cha ajabu kilichozaliwa humo. Haliombi huruma. Msomaji akitaka kusikitika atasikitika mwenyewe, kwa wakati wake.

Upande wa pili wa mji kuna ugonjwa mwingine, na huo nina subira ndogo nao. Mtoto aliyepelekwa kwenye makao ya watoto yatima Jumamosi moja na shule yake, akarudi akaandika kwamba mayatima walimfunza maana ya furaha. Au mwombaji wa miaka 18 ambaye ni mwanzilishi na mkurugenzi mtendaji wa shirika lenye nembo, tovuti, na mwanachama mmoja. Mtu aliyeanzisha jambo kweli hutaja kilichoharibika wiki ya pili. Asiyeanzisha hutaja idadi ya maisha aliyoyagusa.

Inafaa pia kujua maswali haya yametoka wapi, maana asili yake haipendezi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyuo kama Harvard vilidahili zaidi kwa mitihani. Wanafunzi Wayahudi walipoongezeka, wengi wao watoto wa wahamiaji, wakuu wa vyuo hivyo wakaanza kupima kile walichokiita tabia na haiba. Kuanzia 1922 fomu ya Harvard ilimuuliza mwombaji dini yake, mahali alipozaliwa baba yake, na kama jina la familia limewahi kubadilishwa. Mwanasosholojia Jerome Karabel ameyaeleza haya kwa kirefu katika The Chosen, kitabu chake cha 2005. Kwa ufupi, swali la “wewe ni nani” liliingia kwenye fomu likiwa chujio.

Limebadilika tangu hapo, na limezidi kuwa zito. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku udahili unaozingatia rangi ya mtu, lakini Jaji Mkuu John Roberts akaacha mlango mmoja wazi: mwombaji anaweza kueleza jinsi rangi yake ilivyoyagusa maisha yake, na chuo kinaweza kulisoma hilo. Msimu uleule vyuo vingi viliandika upya maswali yao. Harvard ilileta maswali mafupi matano ya lazima, maneno 200 kila moja, na mwaka uliofuata ikayapunguza hadi 150. Siwaambii vijana historia hii ili wakasirike. Nawaambia ili wasijibu kama watu wanaoungama. Chuo kinauliza kwa sababu kina shida zake, nawe unachagua utakachokipa.

Turudi kwenye kachumbari yetu. Maswali ya mzaha ndiyo yanayowatoa jasho walioshika nafasi ya kwanza. Mtu mwenye A tupu anaulizwa kitafunwa akipendacho, anaanza kutafuta mtego. Hakuna mtego. “Karanga, kwa sababu zina protini nyingi” ni jibu la mtu anayeogopa kwamba hata mdomo wake utatahiniwa. Linganisha na hili: “Viazi karai vya Mombasa, ukwaju mwingi, nikiwa nimesimama. Ukikaa vinapoa.” Herufi 74. Hakuna hoja ndani yake, na haikuhitajika. Kuna mji, kuna ulimi, na kuna sheria ya kipuuzi ambayo mwenyewe anaiamini.

Maneno matatu ya kujieleza ni magumu zaidi kuliko yanavyoonekana. Karibu kila rasimu ya kwanza huja na mchapakazi, mdadisi na mwadilifu. Huo ni wasifu wa marehemu. Ubora hapa uko kwenye msuguano: “mkimya, mbishi, mwanakwaya.” La pili linalikanusha la kwanza, na la tatu linakulazimisha urudi kuyasoma yote mawili upya. Mkimya anayebisha wapi? Kwaya ya wapi iliyompokea mkimya? Kuhusu nyimbo sina mengi. Anayetaja wimbo wa Bi Kidude kwa kudhani Princeton inapenda utamaduni hujulikana haraka, kwa sababu hataji hata sehemu moja ndani ya wimbo ambayo huisubiri. Anayeusikiliza kweli atakwambia ngoma inaingia wapi.

Swali ambalo huwaangusha hata waandishi wazuri ni lile la Stanford la tatizo kubwa zaidi linaloikabili jamii leo. Ukubwa wa swali huwavuta watu kwenye ukubwa wa jibu, nao hujibu kwa tabianchi, ufisadi, ukosefu wa ajira, wakimaliza maneno 50 kabla ya kuonyesha kwamba wamewahi kuona hata kipande kimoja cha tatizo hilo. Hapa napima kina cha mahali pamoja. Mwombaji wa Lamu aandike: “Maji ya mji wetu hutoka chini ya michanga ya Shela. Juu ya michanga hiyo watu wanajenga. Tatizo ni kwamba mwenye kiwanja anajulikana kwa jina, na anayekunywa maji anaitwa umma.” Amejibu kuhusu mazingira, na ardhi, na sheria, bila kuondoka kisiwani. Zaidi ya hayo ametoa hoja, na hoja ni bidhaa adimu sana kwenye visanduku hivi. Ukikutana nayo, msamehe mwandishi makosa yake madogo yote.

Lile la tukio la historia lina hila yake, nayo ni pembe ya kutazamia. Wengi hutaka kuwa uwanjani usiku wa uhuru wa 1963, au nje ya gereza siku Mandela anatoka, Februari 1990. Matukio ni makubwa, lakini mwombaji anayaangalia kutoka mahali kamera ilipokuwa, na picha hiyo tunayo tayari. Mtazame huyu: “Mexico City, 20 Oktoba 1968. Siyo mbio, hizo zimo kwenye filamu. Nataka kiti ndani ya basi lililokwama kwenye msongamano, nimwone Kip Keino akiamua kushuka na kukimbia hadi uwanjani.” Kisa hicho cha basi kimesimuliwa sana Kenya, na kila mtu hukimbilia mwisho wake, medali ya dhahabu ya mita 1,500 mbele ya Jim Ryun. Mwandishi huyu amechagua dakika ya kuamua, wakati hakuna aliyejua kama miguu itabaki na nguvu. Hajasema kwamba anapenda maamuzi magumu. Tumeona anachokikodolea macho.

Orodha ya vitabu na vyanzo vingine ambayo Columbia huomba nitaipita upesi, kwa kuwa uongo wake ni mwepesi kuuona. Orodha yenye watu wakubwa watupu imeandikwa kwa kutazama kioo. Orodha yenye vitabu vya kutahiniwa vitupu haijakosea, ila msomaji wa kanda yetu anavijua vyote, na havimwambii ulisoma nini mtihani ulipokwisha. Ninayoiamini ina viraka: Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu cha mwongozo wa pikipiki, safu fulani ya gazeti, idhaa moja ya mpira.

“Kwa nini chuo chetu?” nalo lina kipimo kinachojulikana: badilisha jina la chuo, na jibu likiendelea kusimama, limekufa. Kipimo hicho ni sahihi ila hakitoshi, kwa sababu vijana wamejua kukikwepa kwa kunakili majina ya maprofesa kutoka kwenye tovuti. Mimi hutazama kama mwombaji ameelewa chuo kinaamini nini. Brown tangu 1969 humwachia mwanafunzi ajipangie masomo yake karibu yote. Columbia ina masomo ya lazima kwa wote ambayo mizizi yake ni ya 1919. Hivyo ni vyuo viwili vyenye imani zinazopingana juu ya namna mtu anavyoelimika. Kijana anayependa vyote viwili kwa sababu ileile, “uhuru wa kuchunguza”, hajakisoma hata kimoja. Anayeweza kusema kwa nini angekubali kulazimishwa kusoma kitu, na kitu gani alichokianza nyumbani kinachohitaji kulazimishwa huko, huyo nampa kiti.

Kuhusu mashine, maana siku hizi haiepukiki. ChatGPT ilitoka mwishoni mwa 2022, na mwaka uliofuata Common Application ikaweka kwenye kanuni zake za udanganyifu kosa la kuwasilisha maandishi ya akili mnemba kama yako. Mwaka 2024 Duke ikaeleza kwamba haizipi tena insha alama za tarakimu, ikitaja akili mnemba na washauri wa kulipwa miongoni mwa sababu. Watu huniuliza kama naweza kuzitambua. Mara nyingi naziona: kila sentensi ina uzito sawa na jirani yake, vitu vinakuja vitatu vitatu, na mwishoni pana funzo. Lakini yule kijana wa Githurai aliandika vivyo hivyo kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo kazi ya upelelezi siitaki. Jibu ambalo mashine ingeweza kuliandika limeshaanguka kwenye kipimo cha kidole, hata awe nani aliyeliandika.

Kinachobaki ni kuyasoma yote kwa pamoja, na hapa ndipo majibu mazuri moja moja hugeuka kuwa faili baya. Nayachapisha yote kwenye karatasi moja, pamoja na orodha ya shughuli ya Common Application, nafasi zake kumi zenye herufi 150 kila moja. Halafu nachora mstari chini ya kila kitu kilichotajwa zaidi ya mara moja. Mwombaji mwenye hadithi moja kali huwa anaipeleka kila mahali, naye msomaji, akikutana nayo mara ya tatu, anaanza kushuku kwamba hakuna nyingine. Vivyo hivyo kwa sauti: majibu matano ya mzaha yanachosha kama majibu matano ya huzuni.

Kwenye karatasi ya kijana wetu M-Pesa ilipigiwa mstari mara tatu. Tukaibakisha kwenye Stanford, na kisanduku cha Yale, kile kinachouliza jambo ambalo halimo kwingine kwenye fomu, kikawa kitupu. Alikaa. Akataja cheti cha hisabati, ambacho mwalimu wake ameshakisema kwenye barua. Akataja ukiranja, ambao umo kwenye orodha.

“Jumapili jioni huwa unafanya nini?”

“Nakata watoto wa ploti nywele. Lakini hiyo hata silipwi, mwalimu.”

Aliandika hivi: “Nakata nywele za watoto wa ploti yetu, bure, kila Jumapili jioni. Watoto huleta picha za wachezaji. Wazazi hutaka kipara. Namsikiliza mtoto.” Herufi 140. Zile 60 zilizobaki tukaziacha hivyo hivyo.